Kicheko cha Dafroza na Kanuni ya Mdhamini

Vijana wangu, mkipata kazi katika baraza lolote linalosikiliza mashauri ya wafanyakazi, kabla hamjafungua kitabu cha sheria angalieni viti. Nani amekaa wapi, nani amemgeuzia nani mgongo, nani amepewa kiti chenye mto na nani amepewa gogo. Mimi nilikuwa mkalimani wa baraza la usuluhishi Karagwe kwa miaka mingi, enzi zile Kyerwa haijawa wilaya inayojitegemea, na nusu ya dhuluma niliyoiona ilikuwa imekaa kitini kabla mtu hajafungua kinywa.

Jina langu ni Jenerosa. Nimezaliwa Isingiro, nikakulia kati ya watu waliosema Kinyambo jikoni, Kinyarwanda malishoni na Kiswahili shuleni, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye domo, nilizibeba zote tatu. Siku hizi mnalipia kozi ili mjifunze lugha. Mimi nilijifunza kwa kusikiliza ugomvi wa majirani.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mfanyakazi akifukuzwa au akionewa, alilalamika, na shauri likishindikana kazini lilikuja kwetu. Mwenyekiti alikuwa Afisa Kazi. Kulia kwake alikaa mjumbe wa waajiri, kushoto mjumbe wa wafanyakazi, na mimi katikati nikimtemea kila mtu maneno ya mwenzake. Tulizunguka kwa Land Rover ya serikali iliyokuwa na tabia ya kuzima pale pale inapoanza kupanda kilima, na Karagwe mnaijua, ukimaliza kilima unaanza kingine. Safari moja kwenda Nyakakika tuliwapa lifti mlalamikaji na bosi wake, gari likazama kwenye tope, wakalisukuma bega kwa bega asubuhi nzima. Tulipofika, mwenyekiti akafungua shauri, na wote wawili wakasema hawana tena la kulalamika, wanaomba tu maji ya kuoga.

Aliyenifundisha ukalimani ni Ta Yonasi. Huku kwetu mwanaume wa heshima ni Ta na mwanamke ni Ma. Alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri aliyestaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha usharika mzima. Siku ya kwanza aliniambia, "Jenerosa, wewe ni bomba. Maji machafu yakiingia, machafu yatoke. Usichuje."

"Hata matusi, Ta?"

"Matusi ndiyo hasa."

Akanieleza kilichompata mwenyewe. Mlinzi mmoja wa ghala alisimama barazani akamwita bosi wake ng'ombe asiye na mkia. Ta Yonasi, mtu wa Mungu, aliona aibu, akatafsiri kwamba mlinzi anamtakia bosi siku njema. Bosi akainamisha kichwa na kusema, "Asante sana, na wewe pia." Mlinzi kusikia anaambiwa na yeye pia, akavua shati. Walihitajika watu wazima kadhaa kuwatenganisha, na Ta Yonasi akakaa chini ya meza hadi hali ilipotulia. Tangu siku ile hakuchuja tena. Na mimi sikuchuja. Mkija kuwa wakalimani, au makarani, au wenyeviti, kumbukeni hilo: mtu ana haki ya kusikia alichosemewa, chote, katika lugha inayomwingia.

Sasa niwape shauri la Dafroza, maana ndilo lililonifanya niipende kazi hii kuliko chakula.

Ilikuwa miaka ya themanini. Upande wa Nyabiyonza kulikuwa na kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa. Kahawa ikishakobolewa maganda, ilipelekwa kwenye meza ndefu, na wanawake wakakaa pande zote mbili wakichambua, mbegu nyeusi huku, mbegu nzima kule, siku nzima, vidole vikienda kama mvua ya mawe. Dafroza alikuwa mmoja wao. Baba na mama yake walivuka kutoka Rwanda akiwa bado tumboni, yeye akazaliwa Nyakakika, akabatizwa huko huko, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na watoto wawili na mama mzee. Kiswahili hakukijua, alijieleza vizuri kwa Kinyarwanda tu. Uraia alikuwa nao. Shamba hakuwa nalo. Watu wa asili yake wengi walikuwa vibarua, wakilima migomba ya wengine na kupewa mikungu ya kwenda kupika.

Alikuwa mwanamke mrefu, na alikuwa na kicheko. Nisikilizeni vizuri. Kicheko chake hakikuwa cha furaha peke yake. Akiogopa alicheka. Akisikia habari mbaya alicheka. Wakati wa kumzika mumewe alicheka mpaka akina mama wakamtoa nje wakimfunika kitenge. Kilianzia chini tumboni kama sufuria inayotaka kuchemka, halafu kikapanda, na kikifika juu hakuna aliyebaki salama. Ukikaa karibu naye, nawe umo.

Meneja wa kiwanda alikuwa Bwana Kalisti, mtu mnene, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Wafanyakazi wakiugua aliwatumia gari. Lakini kahawa ilikuwa imeibwa mwaka uliotangulia, wakubwa wake wakamkoromea, na yeye akatunga kanuni. Kila mfanyakazi anayetaka kubaki kazini alete mdhamini. Mdhamini awe mtu wa ukoo wake mwenyewe, na awe na kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Mwezi ukiisha bila mdhamini, kazi imekwisha.

Ukiisikia haraka haraka, ni kanuni safi. Haikumtaja Mnyarwanda, haikumtaja Mrundi, haikumtaja Mnyambo wala Mhaya. Ilisema tu "kila mfanyakazi". Wenyeji walikwenda kwa baba zao wadogo na wakubwa, wakarudi na wadhamini mlangoni, wengine na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wa kusherehekea. Lakini kibanja huku kwetu unakipata kwa baba yako, na yeye kwa baba yake. Dafroza amtoe wapi mtu wa ukoo wake mwenye kibanja, ilhali ukoo wake wote unalima vya watu?

Alijaribu. Jirani yake, Ma Koku, mjane wa Kilutheri mwenye kibanja kizuri kuliko vyote mtaani, alikwenda kiwandani kwa miguu yake mwenyewe akasema, "Huyu mimi namdhamini." Karani akamuuliza kama ni ukoo mmoja. Akasema hapana, ni jirani. Akarudishwa.

Mwezi ukaisha. Dafroza akaitwa ofisini akiwa bado na vumbi la kahawa mikononi. Hakuambiwa anaitwa kwa nini. Hakuambiwa aje na mtu wa kumsindikiza. Bwana Kalisti aliyetunga kanuni ndiye alikuwa mshitaki, na ndiye hakimu. Mkalimani akawa dereva wake, ambaye Kinyarwanda chake kilikuwa cha kununulia maziwa.

Bwana Kalisti akauliza, "Kwa nini hukuleta mdhamini mwenye kibanja?"

Dereva alikuna kichwa. Neno mdhamini kwa Kinyarwanda hakulijua. Akajikongoja, akamwambia Dafroza, "Bosi anasema, kwa nini hujaleta mwanaume mwenye shamba?"

Dafroza, mjane, akadhani bosi anamtafutia mume. Hofu aliyoingia nayo ikakutana na mshangao huo, sufuria ikachemka. Akacheka. Akacheka akishika ukuta. Akajibu kwa kwikwi, "Mwambie bosi kama anamjua mmoja, amlete yeye!"

Dereva akatafsiri hivi, "Anasema ulete wewe."

Bwana Kalisti akasimama. Akasema mwanamke huyu amedharau ofisi, na akamfukuza papo hapo, si kwa kanuni tu, bali na kwa utovu wa nidhamu juu yake. Wenzake wa asili yake, waliokuwa wakisubiri zamu nje, waliambiwa nao wasirudi.

Dafroza alipokuja kwetu kulalamika, nilimwandikia maelezo yake nikiwa na machozi, na hayakuwa ya huzuni. Aliponisimulia habari ya mwanaume mwenye shamba, tulianguka wote wawili juu ya meza. Afisa Kazi, Bwana Mwombeki, akachungulia kutoka chumba cha pili na kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Ni mlalamikaji, mwenyekiti."

"Analalamika nini kwa furaha hiyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, uso haukucheka hata kidogo, akasema, "Bi Jenerosa, mwanamke huyu hajawahi kusikilizwa. Amefukuzwa kwa jibu la swali ambalo hakuulizwa."

Mwenyekiti aliporudi chumbani mwake, Dafroza alinishika mkono. "Mama, siku ya shauri nisemeje?"

Nilitamani sana kumwambia. Nilikuwa na maneno mazuri, yamejipanga mdomoni. Lakini mimi ni bomba. Nikamwambia, "Utakachosema, nitakifikisha kilivyo. Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi."

"Na kama nikicheka?"

"Kicheko hakihitaji mkalimani."

Akacheka. Akaondoka akicheka, nami niliona mabega yake yanatetemeka hadi alipopotea kwenye kona, na nilijua kwamba anaogopa mpaka mifupani. Bila kazi ile, angerudi kulima migomba ya watu kwa mikungu, na watoto wake wangekuja kulima pamoja naye.

Shauri lilisikilizwa Nyabiyonza, katika darasa la shule ya msingi, shule zikiwa zimefungwa. Bwana Mwombeki alikataa lisikilizwe kiwandani. Alisema mtu hawezi kusema kwa uhuru akiwa amekaa kwenye kiti cha anayemlalamikia. Mnaona tena habari ya viti.

Watu walijaa hadi madirishani. Wachambuaji wote walikuja, wenye wadhamini na wasio nao. Bwana Kalisti akaingia na kalamu zake mbili, akapita mbele moja kwa moja, akakaa kulia kwa mwenyekiti. Hakufanya ujanja, jamani. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa waajiri upande ule. Alikaa kwa mazoea.

Bwana Mwombeki akamgeukia. "Bwana Kalisti, leo wewe ni nani?"

"Mjumbe wa waajiri, mwenyekiti. Kama kawaida."

"Na kanuni inayolalamikiwa ilitungwa na nani?"

"Na mimi."

"Na aliyefukuza ni nani?"

"Ni... mimi."

"Basi leo ukikaa hapa utakuwa umepika, umepakua, na unataka kutuambia pia kama chakula ni kitamu. Tafadhali, kaa na upande wako."

Tulikuwa tumekuja na mjumbe mwingine wa waajiri garini, mwenyekiti alikuwa ameliona hilo mapema. Tatizo likawa pa kumweka Bwana Kalisti. Darasani palibaki dawati moja tu, la watoto wa darasa la kwanza. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza tumbo, mguu wa pili ukagoma. Mwishowe akakaa upande, magoti yamefika kidevuni. Nyuma nikasikia sufuria inaanza kuchemka. Nikaomba kimoyomoyo, Dafroza, si sasa, tafadhali.

Akafunika mdomo kwa kitenge. Ikatulia.

Mwenyekiti akasoma lalamiko, na mimi nikalisema kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kinyambo, ili asiwepo hata mmoja aliyekaa gizani. Akauliza pande zote mbili kama zimeelewa na kama zina shahidi. Halafu akampa Bwana Kalisti nafasi ya kujitetea, na akasema asikatizwe na mtu.

Bwana Kalisti alijieleza vizuri kweli, hata akiwa kwenye dawati lile. "Mwenyekiti, kanuni ni moja kwa wote. Sikumbagua mtu. Sikuuliza kabila, sikuuliza asili. Aliyeleta mdhamini amebaki, asiyeleta ametoka. Je, ningewapendelea hawa kwa kuwaondolea kanuni, wale wengine wasingelalamika?"

Watu wakaguna. Hata baadhi ya wachambuaji walitikisa vichwa kukubali. Nikaliona shauri linateleza kama gari letu kwenye tope.

Na hapo hapo mtu mmoja nje akapiga kelele, "Senene!"

Nyie wa leo senene, panzi wetu watamu, mnawanunua wamekaangwa. Wakati ule, wakishuka asubuhi baada ya mvua, hata ibada ilikuwa inakatika. Wametua kwenye nyasi za uwanja wa mpira, kijani kibichi, uwanja mzima unatikisika. Darasa likamwagika. Watu wakatokea milangoni, wakatokea madirishani. Mjumbe wa wafanyakazi aliondoka kwanza, akafuatiwa na mjumbe wa waajiri, na kwa mara ya kwanza wilayani pande hizo mbili zilikubaliana bila usuluhishi. Darasani tukabaki watatu: mwenyekiti, mimi, na Bwana Kalisti, ambaye alitaka sana kwenda lakini dawati halikumruhusu.

"Mwenyekiti," akasema kwa uchungu, "tuendelee tu. Mimi nilikuwa namalizia."

"Mlalamikaji hayupo."

"Ametoka kwa hiari yake!"

"Ana haki ya kukusikia, Bwana Kalisti, na wewe una haki ya kusikiwa. Tutasubiri." Akatazama dirishani kidogo, akavua koti. "Tutasubiri huko nje."

Nikamsaidia Bwana Kalisti kujinasua. Mngekuwepo msingeamini macho yenu: Afisa Kazi mikono ya shati imekunjwa, Bwana Kalisti anaruka kama ndama, Ma Koku amefunga pindo la gauni analijaza, Dafroza anacheka kwa sauti, safari hii kwa furaha kabisa, na wachambuaji wenye wadhamini na wasio na wadhamini wanagongana vichwa kwenye nyasi. Wale akina mama walikuwa na vidole vya kazi. Senene hakuwa na pa kukimbilia.

Tuliporudi ndani, Bwana Kalisti tena kwenye dawati lake, kila mtu alikuwa na fundo la senene kwenye nguo, na mafundo yote yanatembea. Senene wakaanza kutoroka. Mmoja alitua kwenye kipara cha mjumbe wa wafanyakazi na akakaa hapo muda mrefu, hakuna aliyethubutu kusema.

Mwenyekiti akagonga meza. "Sasa naomba jambo moja. Wafanyakazi mlioleta mdhamini, simameni upande wa mlango. Mliokosa, simameni upande wa ukuta."

Wakaenda. Palikuwa na msukosuko, kisha kila mtu akapata mahali pake.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Upande wa mlango walisimama Wanyambo na Wahaya. Upande wa ukuta, kuanzia Dafroza hadi wa mwisho kabisa, walisimama wana wa waliovuka kutoka Rwanda na Burundi. Walikuwa wamechambua meza moja miaka yote, na sasa darasa lilikuwa limegawanyika katikati kama limekatwa kwa panga.

"Bwana Kalisti," mwenyekiti akasema taratibu, "sisemi ulikusudia. Nakuuliza tu, unaona nini?"

Bwana Kalisti alitazama huku, akatazama kule. Akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. "Sikuwahi kuwaona wamesimama hivi," akasema.

Siku hizi sheria yenu ina jina la jambo lile. Wanaita ubaguzi usio wa moja kwa moja: kanuni haimtaji mtu, inaonekana sawa kwa wote, lakini inaangukia watu wa asili moja, na mwenye kanuni hana sababu ya kutosha ya kuing'ang'ania. Sisi hatukuwa na jina hilo. Tulikuwa na mlango na ukuta.

Lakini hapo ni nusu tu, vijana, na wengi wenu mnaishia hapo. Kanuni inaweza kuumiza kundi moja na bado ikawa na sababu ya haki. Kwa hiyo lazima uulize, kanuni hii inafanya kazi gani? Na je, hakuna njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo? Bwana Mwombeki akauliza.

"Inazuia wizi, mwenyekiti," akajibu Bwana Kalisti, sasa kwa unyonge kidogo. "Mtu akiiba, namkamata mdhamini wake."

"Na mdhamini lazima awe wa ukoo wake?"

Kabla hajajibu, Ma Koku akasimama. Alikuwa shahidi, na alikuwa amesubiri muda mrefu kuliko alivyopenda. "Mwenyekiti, mimi naishi ukuta kwa ukuta na Dafroza. Najua anapika nini, najua anaamka saa ngapi, akikohoa nasikia. Wa ukoo wangu wako kule ng'ambo ya milima, wengine nikiwaona njiani siwajui. Sasa meneja anataka adhaminiwe na nani, anayemjua au anayefanana naye pua?"

Nikaitafsiri, pamoja na pua. Upande wa ukuta ukalipuka.

"Nashukuru, Ma," mwenyekiti akasema. "Bwana Kalisti, swali la mwisho. Kahawa iliyoibwa mwaka jana, mwizi alijulikana?"

"Alijulikana."

"Alikuwa upande upi? Wa mlango au wa ukuta?"

Bwana Kalisti akatazama magoti yake. "Angekuwa upande wa mlango."

"Alikuwa na mdhamini?"

"Wakati ule haikuwa kanuni, lakini... ndiyo. Alikuja na mtu wa kumsemea."

"Wa ukoo wake?"

"Wa ukoo wake."

"Mwenye kibanja?"

"Mwenye kibanja."

"Ni nani huyo?"

Senene mmoja akaruka.

"Ni mimi," akasema Bwana Kalisti. "Ni mtoto wa kaka yangu."

Nikafungua kinywa nitafsiri kwa Kinyarwanda, nikafika kwenye "kaka yangu", nikasikia kule ukutani sufuria inachemka. Dafroza alijitahidi, Mungu ni shahidi. Aliuma kitenge. Akageukia ukuta. Kikapanda, kikafika juu, kikatoka. Nikamtazama Bwana Kalisti kwa hofu, maana kicheko hicho hicho ndicho kilichomfukuzisha kazi. Uso wake ukawa mwekundu. Shavu likatetemeka. Kisha akatoa sauti kama gunia linalopasuka, na akacheka. Akacheka mpaka dawati likaanguka, naye ndani yake. Mlango ukacheka, ukuta ukacheka, wajumbe wakalaliana mabegani, na Bwana Mwombeki, ambaye sikuwahi kuona meno yake tangu nianze kazi, aliyaonyesha yote. Watu walimsaidia Bwana Kalisti kuinuka, wa mlangoni wakivuta mkono mmoja na wa ukutani mwingine, na mistari ile miwili ikapotea, hakuna aliyeweza tena kusema nani alikuwa upande gani.

Baraza likatoka nje kushauriana. Hapo ndipo kicheko kikakauka. Dafroza alikaa chini, viganja vimebanwa kati ya magoti. "Mama, kucheka kwao ni kuzuri au kubaya?" akaniuliza. Sikujua, nikamwambia sijui.

Wakarudi. Mwenyekiti akasema kanuni ya mdhamini wa ukoo mwenye kibanja iondolewe. Mwajiri anayetaka mdhamini amkubali mtu yeyote anayemfahamu mfanyakazi na anayeaminika, na kanuni hiyo iwe sawa kwa mameneja pia. Wote waliotolewa warudi kwenye meza zao. Kuhusu Dafroza, alisema hawezi kuitwa mtovu wa nidhamu mtu ambaye hakuelezwa kosa, hakupewa muda wa kujiandaa, na aliulizwa swali kwa lugha iliyogeuka njiani. Arudi kazini kama ambaye hakuwahi kuondoka.

Nilitafsiri nikishindwa kutulia. Miguu yangu ilitaka kuruka. Bomba haliruki, nikajishika.

Watu wakaanza kuinuka, vigelegele vimeshaanza mlangoni. Mwenyekiti akainua mkono. "Bado. Tumewasikiliza wote ila mmoja. Katika zogo la senene na mambo mengine, mlalamikaji mwenyewe hajazungumza. Bi Dafroza, umeshinda, na huna lazima. Lakini una la kusema?"

Dafroza akainuka taratibu hadi akafika urefu wake wote. Hakucheka. "Ninalo," akasema.

Akasema, vijana wangu, mchana mzima. Alisema jinsi mama yake alivyomvusha mto akiwa tumboni. Alisema wachambuaji gani wanakoroma mezani baada ya chakula. Alisema mumewe alikufa bila kumwacha na mahali pa kupanda mgomba mmoja, na kwamba akiwa ameinamia kahawa ndipo anapojisikia ana mahali. Alimwambia Bwana Kalisti kwamba mashine ya tatu inapasua mbegu na mbuzi wake anaingia ghalani. Alisema majina ya watoto wake na maana za majina hayo. Ilinyesha, ikakatika. Dereva wa Land Rover alipiga honi mara moja, mwenyekiti akamtazama, hakupiga tena. Hakuna aliyeondoka, ingawa kila mmoja alikuwa na senene wa kwenda kukaanga. Na kila alichosema nilikipitisha, kwa Kiswahili, kwa Kinyambo, bila kuchuja, bila kupunguza, mpaka akanyamaza mwenyewe, akasema, "Basi, nimemaliza," akakaa.

Nilifika nyumbani jua likizama. Mume wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akaniuliza, "Shauri limekwendaje?"

Nikafungua kinywa nimweleze. Sauti haikutoka. Hata kidogo. Nikajaribu tena, ikatoka hewa tu.

Basi nikaweka kikapu chini, nikainua mikono, nikamjibu kwa kucheza ngoma. Alinitazama kisu mkononi, mdomo wazi. Halafu akaweka kisu, akafuta utomvu kwenye suruali, akaja kucheza nami, bila hata kujua tunacheza kwa ajili ya nini.